Nilipokuwa Mama Sidonie

Aliyenipigia simu kunipa habari ya kifo cha Sidonie alianza kwa kuniita Mama Tabitha, nami nikakasirika kabla sijalia. Hakuwa na kosa, maskini. Kila mtu ananiita hivyo. Kwa sisi Wakenya wa Maryland, mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini pamoja na nguo zilizombana, na kuanzia siku hiyo anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Nimeitika Mama Tabitha kanisani, harusini, matangani, hata kwenye foleni ya duka la nyama nikipigiwa kelele kutoka upande wa pili. Lakini ulikuwako mwaka mmoja, wa tisini na nane, ambapo niliitwa jina lingine, na aliyenibatiza jina hilo ndiye huyo niliyekuwa naambiwa amelala usingizi asiamke. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mpigaji akaniuliza kama bado nipo, nikamwambia nipo.

Sidonie alikuwa mwanamke wa Bukavu, mnene wa mabega, mwepesi wa miguu, na wakati nilipomfahamu alikuwa amepita arobaini kidogo. Alipanga nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya pili, huko Hyattsville, katika jengo la matofali ambalo ngazi zake zilinuka vitunguu vya kila taifa. Alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee wa Kizungu kule Fairfax, na kufika huko alipanda basi, akapanda treni, akapanda tena basi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naosha vyombo katika mkahawa wa mtaa wa Shaw, na tulijuana kwa kukutana kila asubuhi kituoni, tukisalimiana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alidhani ndicho sahihi. Nilikuwa nakaa kwa binamu ya Mwangi, kijana niliyekuwa nimechumbiana naye. Tumbo lilipoanza kuonekana, binamu akasema nyumba yake ni ya Kikristo. Hao akina mama wa kikundi chetu cha maombi, waliojua habari hiyo kabla hata mimi sijamaliza kufungasha, hakuna aliyefungua mlango. Waliniahidi kuniombea. Sidonie aliniona kituoni na sanduku, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia sijui, akalishika sanduku kwa upande mmoja akaniambia nishike upande wa pili.

Chumba alichonipa kilikuwa na dirisha lililotazama mapipa ya takataka, na pazia la kitenge ambalo alilifua kila mwezi kana kwamba wageni wangekuja kulikagua. Sebuleni kulikuwa na kochi lililofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, televisheni ambayo picha yake ilikuwa inacheza, na meza ndogo ambayo ndiyo tuliyoishi juu yake. Siku za Jumapili alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na samaki wa kukaushwa, anaisonga tangu asubuhi mpaka majirani wa Kisalvador wanagonga mlango kuuliza ni nini hicho. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye githeri na sukuma wiki, na mwanzoni harufu ile ilinishinda. Baada ya mwezi nilikuwa nakomba sufuria kwa kidole. Sijala chakula kama kile tangu hapo, na nimealikwa kwenye karamu nyingi.

Ilikuwa Jumapili ya namna hiyo nilipomuuliza jina lake lilitoka wapi, maana hata Wakongo wenzake lilikuwa linawachekesha. Walisema ni jina la bibi kizee wa Ubelgiji mwenye paka. Akanieleza kwamba mama yake alizalishwa na mtawa mzee wa misheni, akampa mtoto jina la huyo mtawa kwa shukrani, na kwamba tangu azaliwe hajakutana na mtu mwingine mwenye jina hilo, si Bukavu, si Bujumbura alikokimbilia, si Amerika. Alisema hivyo kwa majivuno kidogo. Nami, nimeshiba, miguu imevimba, nimepewa kiti chenye mto, nikamwambia kwamba huyu akiwa msichana ataitwa Sidonie. Aliweka bakuli chini. Uso wake ulibadilika, nikafikiri nimemkosea.

"Usiniambie vile kama ni mucheso," akasema. "Kwetu hatuchezaka na majina. Miye sikuzala. Siku nitakufa, ile majina inakufa na miye."

Nikamwambia si mchezo. Kuanzia hapo hakuniita tena Nyambura. Aliniita Mama Sidonie, tangu ngazini, kwa sauti ya kusikika ghorofa zote, na tumbo alikuwa akilisalimia peke yake: majina yangu umeamka, majina yangu umekula. Alinieleza kwamba kwao mwenye jina ana kazi. Ndiye anayemwogesha mtoto wiki za mwanzo, ndiye anayenunua kitenge cha kwanza, na siku jina linapotajwa mbele ya watu husimama akamfunika mtoto nacho, ili kila mmoja ajue mtoto ana wazazi na mwenzao mmoja wa ziada. Akienda kuzikwa yeye, mtoto ndiye hutangulia mbele ya jeneza na kitenge begani, kwa sababu jina halizikwi. Mimi nilisikiliza haya yote kama mtu anayesomewa haki zake. Nilikuwa mbali na mama yangu, na hapa nilikuwa naambiwa mwanangu atakuwa na mtu.

Mwangi aliridhika. Nasema hivyo wazi kwa sababu baadaye alijifanya hakuwahi. Tulifunga ndoa kwenye mahakama ya Upper Marlboro siku ya mvua, mimi na gauni ambalo Sidonie alilitanua ubavuni, na tuliporudi aliketi kwenye meza ile ile, akala samaki wa yule mwanamke mpaka mfupa, akaniambia huku akijichokonoa meno, "Mama Sidonie, nipitishie pilipili." Nilimsikia mwenyewe. Akahamia chumba changu chenye dirisha la mapipa, na hakuna aliyemdai chochote.

Kisha jina likatoka nje ya nyumba, na ndipo nilipojua kwamba watu wasiokuwa na blanketi la kukupa wanaweza kuwa na maoni ya kukujazia ghala. Mhasibu mmoja wa kutoka Nakuru akasema Wamarekani watashindwa kulitamka na mtoto ataonewa shuleni. Mrundi aliyekuwa anafanya kazi ya kusafisha ofisi pamoja na Mwangi akasema Kifaransa kimewaletea watu wake mikosi ya kutosha, kwa nini tukifuate mpaka huku. Mzee mmoja wa kanisa akanikumbusha kwamba katika Maandiko kuna mji wa wapagani wenye jina kama hilo, na haukusifiwa. Hakukumbuka kwamba ni katika nchi hiyo hiyo mjane mmoja alimpikia nabii unga wake wa mwisho. Dereva wa teksi, Mtanzania, ambaye hata hakunijua, aliniambia jina ni zuri ila linafaa manukato. Huyo angalau alinichekesha.

Akina mama wa maombi walikuja Jumamosi moja mchana, mwezi wa nane, kunifanyia shawa, sherehe ya kumpokea mtoto kabla hajazaliwa. Walileta nepi, walileta beseni la plastiki la kuogeshea, walileta chapati zilizofungwa kwa karatasi ya foili. Sidonie alikuwa amepika tangu alfajiri. Mwezi ule vita vilikuwa vimerudi kwao na simu za Bukavu hazikuwa zinapita, lakini alisema mgeni hali habari mbaya, anakula chakula. Mimi niliambiwa nikapumzishe miguu chumbani hadi watakaponiita. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na jiko lilikuwa kona ya sebule, halina mlango. Aliyekuwa akizungumza sana ni Mama Njeri, nesi, mwenyekiti wao, mtu wa kuvaa saa kubwa na kukata maneno ya wenzake. Wenzake walikuwa wanaulizana kama jina la Kifaransa linaweza kukaa na la Kikuyu bila kugombana. Mama Njeri akasema hilo si tatizo.

"Tatizo ni mwenyewe," akasema. "Mnampea mtoto msichana jina ya mwanamke hajawahi zaa, halafu kesho mtashangaa nini?"

Nilingoja mmoja wao aseme, Mama Njeri, huyo mwanamke amesimama hapo. Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, ukasimama, kisha ukaendelea. Sidonie alikuwa umbali wa hatua chache kutoka kwao, anasonga sombe, na Kiswahili cha Kenya alikielewa kuliko walivyodhani. Baadaye nilipoitwa nikakaa kwenye kiti chenye mto, nikawaona wote wana sahani mapajani. Walikula. Mama Njeri aliongezwa mara mbili na akauliza samaki hawa wanapatikana duka gani, na Sidonie akamweleza njia vizuri, basi la kupanda na kituo cha kushukia. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu upendo tangu siku hiyo, na kila mara namwona yule mama na kijiko chake.

Wakampigia simu mama yake Mwangi, au walimwomba Mwangi ampigie, sikujua. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Hilo sikulipinga kamwe, mtoto alikuwa Wangari tangu tumboni. Ugomvi ulikuwa juu ya jina la ubatizo tu, ambalo kwa kawaida mzazi huchagua apendavyo. Lakini mama mkwe, ambaye hakuwahi kuniona ila katika picha, alizungumza mpaka kadi ya simu ikaisha, akataka na jina lake la kanisani, Tabitha, lichukuliwe pia. Alimuuliza mwanawe kama wameamua kumzika akiwa hai ili wampe mtoto jina la mtu wa njiani. Mwangi alirudi kutoka simuni ametota jasho. Tukajadiliana siku nyingi, tukakubaliana: Sidonie Wangari. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitamka mara ya mwisho, akanishika mkono, akasema yameisha.

Mtoto alizaliwa Novemba, kwa kisu. Hospitalini tukamwandikisha Wangari, jina la mbele tukaliacha wazi mpaka siku ya kubarikiwa kanisani, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyozoea: jina la ubatizo litajwe kwanza mbele za Mungu, ofisi itafuata. Wamarekani waliokuwa wanaandika walitushangaa. Laiti ningewasikiliza. Sidonie aliomba ruhusa kwa bibi yake wa Fairfax, akakaa nyumbani wiki tatu. Aliniosha mimi na kitambaa cha moto, akamwosha mtoto katika lile beseni la Mama Njeri, akimkanda miguu kwa mafuta, akimwimbia wimbo usiokuwa na maneno. Sikujua kufunga nepi. Nilijifunza kwa kuangalia mikono yake. Mwangi alilala sebuleni, akilalamika kuwa kochi linamuumiza mgongo.

Kanisa letu lilikuwa chumba cha chini cha kanisa la Wamarekani, tulichokuwa tunaazimwa Jumapili jioni wao wakishamaliza. Viti vya kukunja, taa za mirija, na harufu ya kahawa ya asubuhi ambayo haikutoka. Baba ndiye humshika mtoto na baba ndiye hutaja jina. Nilisimama kando ya Mwangi, mshono bado unanivuta nikinyooka. Sidonie alikuwa safu ya tatu, pembeni, amefunga kilemba, na mapajani ana kitenge kipya cha buluu chenye ndege wa njano, alichokuwa amekiagiza kwa mwanamke anayeleta vitambaa kutoka Brussels. Mchungaji akauliza mtoto huyu anaitwa nani. Sidonie akainuka. Peke yake katika chumba kizima alikuwa amesimama, kitenge amekikunjua kwa mikono miwili, tayari kuja mbele.

"Tabitha Wangari," Mwangi akasema.

Vigelegele vilipigwa. Vilianzia safu ya mbele, kwa Mama Njeri, na vilikuja haraka mno kwa watu waliosikia jina mara ya kwanza. Mchungaji aliendelea, akampaka mtoto mafuta, akaomba. Sidonie hakuketi mara moja. Alikunja kitenge pembe kwa pembe, akakilainisha kwa kiganja, akakiweka katika mkoba wake, ndipo akakaa. Watu wameniuliza, wachache niliowasimulia, kwa nini sikusema kitu. Kasemeni nyinyi, mbele ya kanisa zima, mume ameshika mtoto na mchungaji amefumba macho.

Nilisema ndani ya gari. Nilimuuliza Mwangi tulikubaliana nini. Alikuwa anaendesha huku akitazama barabara kama mtu anayefanya mtihani. Akasema akina mama walimwendea kazini, wakamwonyesha mambo.

"Huyo mwanamke hana mtoto, hana nchi," akasema. "Unataka Wangari arithi nini kwake?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nyumba uliyolala, nikataka kumwambia, samaki uliyekula. Nikaona nikianza sitaweza kunyamaza, na mtoto alikuwa amelala kifuani pangu. Tulipofika nyumbani Sidonie alikuwa ametangulia, amepasha chakula, ameandaa sahani tatu. Akamchukua mtoto, akambusu kichwani. Kisha akanigeukia, na kwa sauti ya kawaida kabisa, isiyo na kisu ndani yake, akasema, "Nyambura, kula, chakula kitapoa." Nikajua jina limekwisha. Heri angenitukana.

Tulihama mwezi wa pili. Nilikuwa namtembelea Krismasi na sikukuu nyingine, na mlango haukufungwa hata siku moja. Alinipikia, alimnunulia mtoto viatu. Ila katika miaka yote hiyo sikumsikia akilitaja jina Tabitha. Alimwita mutoto, alimwita mama kidogo. Tabitha mwenyewe hakuligundua, maana watoto waliozaliwa huku wanaona kila mzee wa Kiafrika ana namna yake ya kuita watu. Na huyo Mwangi, mlinzi wa ukoo, alipata kazi Texas kabla binti hajatimiza miaka minne, akapata na mke huko huko, na kutoka wakati huo simu zake ni za kubahatisha. Mama mkwe alikufa bila kumwona mjukuu mwenye majina yake yote mawili. Mama Njeri aliniletea chapati wakati mume aliponiacha, akaniambia Mungu ana makusudi. Sijui ni ya nani hayo makusudi. Kila wanaloniita barabarani ni uamuzi wa watu ambao hawakufua kitambaa kimoja cha mtoto yule, na nimeuitika karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Nina hasira bado. Nilidhani umri utaipunguza, kumbe inaota mizizi tu.

Tulimzika Sidonie Jumamosi iliyopita. Tabitha alinisindikiza, ni mwanamke mzima sasa, mwanasheria wa mambo ya nyumba, mpole, ananielewa nikisema Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama Njeri pia alitaka kuja, magoti yamemharibikia, tukampakia nyuma. Mbele ya chumba cha ibada alisimama mtu mrefu mwenye mabega ya Sidonie. Ni mdogo wake, Prosper, aliyeletwa Kentucky pamoja na wakimbizi wenzake miaka ya karibuni, na hatukuwahi kuonana. Alikuwa anaangalia kila mwanamke anayeingia. Alipotuona akatujia moja kwa moja.

"Wewe njo Mama Sidonie?" akaniuliza, na "njo" kwao ni "ndiye".

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniita hivyo. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Uso wake ukafunguka. Akaniambia, akinishika mikono yote miwili, kwamba dada yake kila alipopiga simu nyumbani alikuwa akiwapa habari: iko mutoto kule anabeba majina yangu, ameanza shule, ameota meno mapya, amesoma chuo. Mama yao alikufa ametulia kwa ajili ya habari hiyo. Kambini walikuwa wanamwombea huyo mtoto kila jioni kwa jina. Nilisimama nasikiliza, na kila neno lake lilikuwa kweli isipokuwa moja. Sidonie hakuwaambia kwamba jina lilibadilishwa. Alikubali sisi tumnyang'anye hapa, lakini kwao hakukubali.

Prosper akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Kilikuwa hakijawahi kufuliwa, mistari ya mikunjo imegeuka myeupe. Akasema amekikuta kabatini kwa dada, kimewekwa juu ya vyote. Akakikunjua kwa mikono miwili, akamgeukia binti yangu.

"Na huyu njo majina ya dada," akasema. "Njoo, mama. Wewe njo unatangulia."

Tabitha alitabasamu kwa adabu zake nzuri nilizomfundisha mwenyewe, akanyoosha mkono.

"I'm Tabitha," akasema. "I'm so sorry for your loss."

Prosper akanitazama. Hakuuliza. Alikunja kile kitenge pembe kwa pembe, akakilainisha kwa kiganja, akakirudisha mfukoni, akaenda kusimama nyuma ya jeneza. Mbele ya jeneza hapakuwa na mtu. Kutoka mlangoni nilisikia fimbo ikigonga sakafu, na sauti ya Mama Njeri ikiniita kwamba viti vinajaa.

"Mama Tabitha," akasema. "Mama Tabitha, si uje tukae."

Nikaitika.